Kwa Miguu Mpaka Kaburini Geita

Habari za kifo cha mume wangu zilitufikia Kishapu akiwa ameshazikwa. Alizileta kijana wa kijiji cha jirani aliyekuwa akifanya kazi naye katika mgodi wa dhahabu kule Geita. Aliketi kwenye kigoda, akakataa chakula, akasema mwenzake alishikwa na homa, akalazwa, akafariki, na kwamba wamemzika vizuri. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha si zamani, na tulikuwa tumezoea kusikia habari za watu waliozikwa mbali. Wazee wa ukoo wakasema tukae matanga nyumbani, tunyolewe, yaishe. Ikawa hivyo.

Mama mkwe wangu ndiye hakuridhika. Alinyolewa kama sisi, akarudi shambani kama sisi, lakini kila jioni alisema neno lile lile: hawezi kuzaa mtu kisha asijue alipolala.

Shemeji yangu mkubwa akamwambia, "Mama, kwa goti hilo hata Shinyanga mjini hufiki."

"Basi nitafia Shinyanga mjini. Huko ni karibu na Geita kuliko hapa."

Nilimfuata. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwa ajili ya mapenzi ya mume wangu, na mapenzi yalikuwepo, lakini zaidi nilikuwa nimechoka kukaa katika nyumba ile nikitazama ukuta. Mtoto nilimwacha kwa mama yangu. Gari moshi lilikuwepo, ila lilikwenda Mwanza, na kutoka Mwanza kwenda Geita lazima uvuke maji. Mama mkwe aliogopa maji kuliko alivyoogopa simba. Tungeizunguka ghuba yote ya ziwa kwa miguu.

Tuliondoka baada ya mavuno, nimebeba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kichwani, yeye ameshika fimbo. Tukapita Ibadakuli, tukaacha barabara, tukaingia kwenye njia za ng'ombe zinazofuata mabonde. Wakati ule wa kiangazi mito yetu haina maji ya kuonekana. Ni mchanga mweupe tu, mpana kama uwanja, na migunga pande zote mbili. Tulitembea ndani ya mto wenyewe, kwa kuwa mchanga wa asubuhi ni mgumu na wa baridi. Tukisikia kiu tulipiga magoti, tukachimba kwa mikono mpaka shimo likaanza kulia maji, tukasubiri yatulie, tukateka kwa kata.

Safari ilikwenda polepole, na si kwa sababu ya goti peke yake. Kwetu huwezi kumpita mtu njiani kama unavyopita mti. Unasimama, unapiga goti, unasalimia, unaulizwa umetoka wapi, ukoo gani, huko mvua ilikuwaje, ng'ombe wazima? Na ukifika kwenye mji wa watu, yaani kaya yao, hupewi hata maji ya kunawa kabla hujaeleza njia yote uliyopita. Mama mkwe hakufupisha hata mara moja. Aliieleza safari tangu mlangoni kwetu, kila jioni ikiwa ndefu zaidi, nami nikisinzia kwa njaa pembeni. Lakini ni maneno hayo yaliyotupatia ugali na ngozi ya kulalia kila tulipofika.

Goti lake lilikuwa na tabia ya ajabu. Kupanda lilikubali, kushuka lilikataa. Basi kwenye kingo za mito aligeuka, akanishika mikono yote miwili, akashuka kinyumenyume, uso wake ukitazama tulikotoka. Wachungaji walitucheka. Wakauliza kama tunacheza ngoma. Mama mkwe akawajibu, "Tunacheza, lakini ninyi hamjatutunza kitu kwa ngoma hii, chungeni ng'ombe."

Siku tuliyofika ghubani upepo ulibadilika kwanza, ukawa na ubaridi na harufu nisiyoijua. Kisha mafunjo yakaachana mbele yetu na maji yakatokea. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, na mwalimu alituchorea ziwa ubaoni likawa dogo kama yai. Hili lilikwenda mpaka mbinguni. Mawe makubwa yalisimama ndani yake, ndege weupe wamejaa juu. Nilisahau njaa, nilisahau hata tulichokifuata. Nilipokumbuka, niliona haya kidogo, lakini furaha haikuondoka.

Mama mkwe alitembea mpaka hatua chache kutoka kwenye mawimbi, akapiga magoti mchangani, akaanza kuchimba. Nami, kwa mazoea, nikapiga magoti tukachimba pamoja.

Wanawake waliokuwa wakifua pale wakaacha nguo zao.

"Jamani, njooni muone! Watu wa Shinyanga hawa! Ziwa lote liko mbele yao, wanalitafuta chini!"

"Mmezika nini hapo, mama?" mwingine akauliza. "Tuwasaidie kufukua?"

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mama mkwe aliendelea kuchimba mpaka maji yakaja, akateka, akanywa, akajifuta mdomo. "Ninyi hapo mnafua nepi, ng'ombe wale wanakojoa. Haya yangu yamepita kwenye mchanga. Njoo uonje."

Yule mchekaji mkubwa akaja, akaonja, akatazama wenzake. "Kweli matamu," akasema, na wote wakaangua kicheko upya, safari hii pamoja nasi. Tulilala kwao, tukala samaki. Mama mkwe akaeleza njia yote na kaburi tunalolifuata. Asubuhi walitusindikiza mbali kwenye kijia kilichofuata ukingo wa ghuba, kati ya mawe na mafunjo, mpaka ncha ya maji ilipogeuka kuwa bonde la matope.

Bonde lile ndilo lililotuumiza. Tulipolivuka, goti lilikuwa limevimba kama kibuyu. Mbele kulikuwa na kibanda cha kuzuia mbung'o, ambapo mlinzi mwenye wavu aliwakagua wapita njia wasibebe inzi wale kutoka msituni. Alimtazama mama mkwe akatikisa kichwa. Lori lilikuwa limesimama pale likielekea upande tuliotoka, na dereva akajitolea kutufikisha kwenye reli bila malipo.

"Mama, shikamoo. Panda urudi nyumbani," mlinzi akasema. "Msitu huu hata vijana wanaupita kwa makundi."

Nilitamani akubali. Nilikuwa nimeshaufungua mdomo niseme ahsante.

"Marahaba, baba. Mwanangu hakuzikwa kwenye reli." Kisha akanigeukia, bila hasira. "Wewe panda, mwanangu. Umenifikisha mbali."

Lori likaondoka bila sisi. Tulikaa kibandani mpaka uvimbe ukapungua, mlinzi akitugawia chai yake, halafu kundi la wachimbaji wanaorudi kazini likatuchukua. Vijana wale wa makabila mbalimbali walipunguza mwendo wao kwa ajili yake, wakimpiga mbung'o mgongoni kwa matawi na kuomba radhi kila walipompiga.

Vilima vya Geita alivipanda mwenyewe. Kwenye mteremko wa mwisho akageuka kama kawaida yake, akanishika mikono, akaanza kushuka kinyumenyume. Ghafla akasimama. Nikageuka, na kwa pengo kati ya vilima nikaona anachokiona: utepe wa maji uking'aa, na nyuma yake nchi yetu, kahawia, haina mwisho.

"Yote ile?" akauliza.

"Yote, mama."

Akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, kwa kifua chote. Vijana nao wakacheka bila kujua sababu.

Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Mchimbaji mmoja wa Kigoma, Mwislamu, alituongoza. "Tulichimba naye chini, na hili nalo tulilichimba sisi," alisema. "Nimekuwa nikipalilia." Palikuwa safi kweli.

Mama mkwe alipiga goti, lile bovu, akasema, "Mwadila," kama tunavyosalimiana jioni. Nilingoja alie. Badala yake aliketi, akanyoosha miguu, akaanza kumweleza mwanawe safari: tulivyotoka mlangoni, nani tulimkuta wapi, mto upi ulikuwa na maji karibu, ng'ombe wa nani wamenona, kina nani wanamsalimu. Hakuruka hata mji mmoja. Wachimbaji waliotoka zamu walivua kofia, wakasimama na vumbi lao. Wake zao wakaja na watoto mgongoni. Wengi hawakujua Kisukuma, lakini hakuna aliyeondoka. Nami nililia pale, kwa sauti, na sikujali nani ananiona.

Jua lilikuwa limeshuka alipofika kwenye vilima katika kusimulia. Akavieleza navyo, akapumua, akapiga udongo wa kaburi mara mbili kwa kiganja kama anayempiga mtoto mgongoni.

"Walisema sifiki," akamwambia. "Nimefika."