Nyuzi Kumi na Moja na Sikio Nililolificha

Kabla ya kipigo nilikuwa na masikio ya kuazimisha. Sokoni Nyakitonto niliuza maharage katikati ya akina mama wawili: bei ya kushoto naisikia, ya kulia naisikia, yangu natangaza mwisho. Jumamosi zile za soko nazitamani mpaka leo.

Siku hiyo mteja mmoja, Filberti, alitaka kisado, kopo langu la kupimia, kiwe na kilima. Mimi nikakisawazisha kwa ubao, kama desturi. Akaninyang'anya ubao, akanipiga nao upande wa kushoto wa kichwa. Mara mbili, nilihesabu. Damu ikashuka hadi kifuani.

Polisi Kasulu wakanipa PF3, fomu ya kwenda nayo hospitali. Nikashonwa.

"Daktari, andika nyuzi kumi na moja. Nimezihesabu mara mbili."

Akacheka. "Mama, sheria haihesabu nyuzi. Kidonda kikipona kikaisha, ni madhara ya kawaida. Makubwa ni yale ya kuhatarisha maisha, au kukuachia ulemavu wa kudumu. Unasikia vizuri?"

"Masikio yote mawili."

Uongo. La kushoto lilivuma kama mzinga wa nyuki. Lakini kwetu sokoni, anayekiri hajasikia bei ndiye anayepunjwa.

Wiki ya tatu likatoa usaha, unanuka. Nikitembea, ardhi inainama. Mchana nikilalia ubavu wa kulia, dunia yote inanyamaza. Nikawa nakumbuka mvua kwenye bati la mama, nalia.

Dada yangu Leokadia aliniita mara tatu, kisha akanishika bega. "Wee Yustina! Unamfichia nani? Filberti atashitakiwa kama aliyekukwaruza, na wewe unaoza kichwa!"

Tukarudi hospitali, nikakiri. Ngoma ya sikio ilikuwa imechanika.

"Ungesema siku ile," daktari akasema, "tungewahi."

Kusafishwa, vidonge, matone. Usaha ukakauka, kizunguzungu kikaniachia baada ya miezi miwili. Kusikia hakukurudi. Daktari akaandika hivyo, na shitaka likabadilika: kusababisha madhara makubwa.

Hakimu alipoanza kusoma hukumu, nilisimama mbele ya watu wote. "Mheshimiwa, upande huu sisikii. Naomba urudie."

Akarudia. Filberti akaenda gerezani.

Namshukuru Mungu, kisha Leokadia na mdomo wake. Nawe uliyepigwa, chukua PF3 mapema, na usijikaze mbele ya daktari. Damu ataiona mwenyewe. Kilichopotea, mtajie.