Senene wa Mabatini na Chumvi ya Marehemu Josephat

Saa mbili asubuhi. Katika banda la bati la Mabatini, mjini Mwanza, Leonsia binti Bagenda anakoroga sufuria pana ya senene, wale panzi wa msimu, huku amefumba macho. Moshi unamwingia, chozi linamtoka, lakini hafumbui.

"Mwanzo wanalia kama mvua juu ya bati," anasema. "Mafuta yao yakishatoka, mvua inakatika. Ukisikia wanakwaruza sufuria kama mchanga mkavu, epua upesi. Ukikaa kupiga soga, umeunguza."

Kwa nini mpishi hodari kama huyu apike kwa masikio, na ulimi anao? Jibu liko Kamachumu, katika nchi ya Bukoba, alikozaliwa miaka arobaini na miwili iliyopita. Kwa desturi ya Wahaya wa zamani, mwanamke ndiye aliyekusanya senene, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga. Aliyekula ni mwanamume.

Mama yake, marehemu Ma Suzana, alisifika kijiji kizima kwa senene, naye hakutia hata mmoja mdomoni mpaka anaingia kaburini. Alimfundisha bintiye vivyo hivyo.

"Mama alikuwa ananiwekea chumvi kiganjani, anasema, 'Uzito ni huu.' Halafu tunamngoja baba ale. Baba akila kimya, tumefaulu."

Leonsia alipoolewa, ulimi wa kungojewa ukawa wa mumewe, Josephat, seremala aliyemleta Mwanza mwaka 1938. Kwa miaka ishirini na miwili, kila msimu wa senene, Josephat alionja na kutoa hukumu. Alifariki Machi mwaka jana. Aliacha mjane, watoto watatu na banda hili, ambamo Leonsia huuza ndizi na maharage kwa wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Siku njema hubaki na shilingi nne. Kwa shilingi hizo binti yake mkubwa, Immaculata, anasomea ualimu.

Mwaka huu msimu wa senene umekutana na jambo kubwa. Jumamosi hii, tarehe tisa Desemba, Tanganyika inapata Uhuru wake, na kamati ya sherehe ya mtaa iliamua kwamba kila jamii ilete mezani chakula cha nyumbani kwao. Wasukuma waliahidi michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, Wakerewe samaki, akina mama wa Kiislamu wa mjini pilau. Wahaya, bila kubishana, walimtaja Leonsia na senene wa Ma Suzana.

Katikati ya Novemba msimamizi wa chakula, Mzee Rutashobya, karani mstaafu na mwenyeji wa Bukoba, alipita bandani kuonja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuone."

Alitafuna, akaomba maji. Akatafuna tena, akaomba maji tena. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Mwanangu, mume wako alikuwa anavuta kiko?"

"Alivuta sana, mzee. Tumbaku kali, tangu ujana wake."

"Basi umekipikia kiko. Mimi nimekula kwa mama yako nikiwa kijana. Chumvi hii si yake."

Bi Moza, muuza maandazi wa banda la pili, aliangua kicheko. "Shoga yangu, kumbe marehemu bado anakula!"

Leonsia hakucheka. Leo anaweza kulisimulia jambo hilo akitabasamu, lakini siku ile, anasema, aliweka mwiko chini akaketi.

"Nilikumbuka. Mwaka wa kwanza Josephat aliniambia, 'Ongeza kidogo.' Nikaongeza. Baada ya miaka miwili, 'Ongeza kidogo.' Moshi ulikuwa unamharibu ulimi, na mimi namfuata nyuma, naongeza. Alikuwa mume mwema, hakujua. Nikajiuliza, chakula cha mama yangu kiko wapi sasa? Nimekipoteza mimi, mwanawe, kwa mikono yangu."

Mzee Rutashobya alimpa wiki tatu. Senene wasipokaa sawa, Wahaya wangepeleka ndizi tu kwenye sherehe, na jina la Ma Suzana lisingetajwa.

Immaculata, aliyekuwa amerudi likizo, aliona jibu ni jepesi. Yeye hula senene bila wasiwasi, kama wasichana wengi wa shule siku hizi.

"Mama, si uonje mwenyewe upunguze?"

"Nionje nilinganishe na nini? Wa mama sijawahi kuwala. Na wewe usinidanganye, umekua na chumvi ya baba yako. Ulikuwa unawasifu hawa hawa."

Ulibaki ulimi mmoja tu duniani uliowala senene wa Ma Suzana kila msimu mpaka mwisho wake, nao ni wa mumewe, Mzee Bagenda, mwenye umri wa miaka themanini, huko Kamachumu. Kaka yake Leonsia humpelekea dada yake senene wabichi kwa meli ya Bukoba. Leonsia akaanza kuwarudisha kwa meli hiyo hiyo wakiwa wamekaangwa, ndani ya kopo la maziwa lililozibwa kwa kitambaa.

Mzee hajui kuandika. Majibu yake yaliandikwa na katekista. Leonsia anazitoa barua hizo chini ya mto na kuzisoma kwa sauti, akifuatisha kwa kidole. Kusoma alijifunza miaka mitatu iliyopita katika darasa la jioni la watu wazima, na hakosei neno.

Barua ya kwanza: "Hawa ni wa marehemu Josephat, Mungu amrehemu. Mimi nataka wa mama yako."

Barua ya pili: "Chumvi sasa ndiyo. Lakini vitunguu umetia mapema. Mama yako alitia mwishoni, vibaki na maji kidogo. Usiniharakishe, meno yameisha lakini ulimi upo."

Alipokaanga mara ya tatu, Leonsia alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Kabla ya kuziba kopo, alichota senene wa sufuria ile ile, akawaweka katika bakuli na kulifunika.

Jibu lilifika Jumatatu wiki hii. "Kopo limeisha siku hiyo hiyo, sikumpa mtu. Usiku nilikataa chakula kingine ili ladha isinitoke. Mwanangu, umenirudishia mke wangu nyumbani."

Leonsia aliikunja barua, akanawa mikono, akalifunua bakuli. Immaculata na Bi Moza walikuwapo.

"Polepole, shoga," Bi Moza alimtania. "Usije ukawamaliza wote, ukasema ulikuwa unaonja."

Alikula mmoja. Akala wa pili na wa tatu.

"Kumbe hivi ndivyo walivyokuwa wanafaidi!" alisema, na banda zima likacheka.

"Sikukusudia kuvunja heshima ya wazee," anaeleza sasa. "Baba mwenyewe ndiye aliyenithibitishia kwamba huu ndio upishi wa mama. Ningeuacha upite bila kuuonja, ungepotea tena. Mama alikuwa na mkono na sikio. Mimi nimeongeza ulimi."

Jana Mzee Rutashobya alirudi. Alikula sahani nzima, maji hakuomba. Alipoaga alijaza senene mfuko wa koti, akasema hao ni wa kuionyesha kamati. Bi Moza anaapa kwamba kamati haikuona hata mguu.

Kazi iliyo mbele ni kubwa. Meli ya kesho inaleta madebe mawili ya senene wabichi, na wanawake sita wa mtaa wamejitolea kunyonyoa mabawa. Jumamosi, bendera ikishapandishwa, Leonsia ataketi mezani pamoja na wageni, wanaume kwa wanawake, na atakula.

Baada ya sherehe, Immaculata atasimama mbele ya sufuria kwa mara ya kwanza. Mama yake ameshamweleza masharti.

"Atawakaanga mwenyewe, ataonja mwenyewe, atasema mwenyewe kama wameiva," anasema Leonsia, akimimina senene kwenye ungo ili wapoe. "Na akiolewa, mumewe atakaribishwa kula. Kuhusu chumvi hataulizwa."