Ulimi wa Mjomba Siku ya Posa

Mwezi uliopita nilikwenda stendi ya Mbezi Luis kupokea mzigo. Shoga yangu aliyeolewa Tabora alinitumia dumu la asali, kalitia kwenye boksi na kulizungushia kamba mpaka unajiuliza kama anatuma asali au mbuzi. Nikalipakia boksi kwenye bajaji, nikakaa nalo siti ya nyuma, tukaanza safari ya kurudi kwangu Boko. Tulikuwa hatujafika hata Goba nikasikia harufu inanipanda puani. Si ya asali. Ilikuwa harufu ya majani makavu yaliyoshinda juani, na ndani yake utamu fulani, kama zabibu kavu ukizimwagia maji ya moto.

Nikainama, nikanusa boksi. Dereva akanitazama kwenye kioo.

"Sista, kimemwagika?"

"Hakijamwagika kitu, braza, wewe twende."

Boksi lilikuwa limewahi kubebea tumbaku. Na mie, jamani, sikuwa tena kwenye bajaji. Nilikuwa Chamazi, nina miaka tisa, nimechuchumaa uani kwetu na fimbo mkononi, nalinda sinia la Mjomba Bakari lisivamiwe na kuku.

Mjomba Bakari ni kaka yake Mama, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Alikuwa na banda lake la bati pembeni ya ua wetu, na kutwa nzima ulimsikia humo akigonga mpingo. Alikuwa na starehe mbili tu duniani, kiko na maneno. Kiko alikichonga mwenyewe, cheusi, kifupi, kimeng'aa kwa kushikwashikwa. Maneno alizaliwa nayo.

Zamani alivutaga tumbaku ya moshi, ile nyeusi inayokaushwa juu ya magogo yanayofuka, kali mpaka inakata kichwa. Halafu rafiki yake mmoja, utingo wa basi la Tabora, akamletea ile wanayoiita tumbaku ya mvuke. Wazungu wanaiita Virginia. Ilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, na siku Mjomba alipoivuta kwa mara ya kwanza alifumba macho, akasema, "Kumbe nilikuwa navuta kuni!" Lakini ile tumbaku ina sukari nyingi, na sukari yake ina hila. Ukiivuta kwa pupa inakuchoma ulimi. Hakuna malengelenge wala damu, ila ulimi unakuwa kama umelamba pasi, na siku mbili tatu husikii ladha ya kitu, na kuongea kwenyewe ni adhabu.

Basi Mjomba alikuwa na masharti yake, na mie niliyajua kuliko nilivyojua jedwali la saba. Kwanza, tumbaku isiwe mbichi. Unaitandaza kwenye sinia, unaianika kidogo, kisha unaiminya kwa vidole viwili. Ikishikamana, bado ina maji, na maji yale yakipata moto ndiyo yanayokuunguza. Ikivunjika kuwa unga, umeichelewesha. Inatakiwa uiminye halafu ifumuke yenyewe taratibu. Pili, usiishindilie. Tatu, vuta kama mtu anayekunywa uji wa moto pembeni ya kikombe, kidogokidogo, bila haraka. Kisha kila baada ya muda alikiweka kiko shavuni kupima joto lake. Shavu likikataa, anakilaza chini kipumzike na anaendelea kugonga mpingo. Aliweza kukaa na kiko kimoja kuanzia chai ya saa nne mpaka adhuhuri. Nilipenda kumtazama, maana ndiyo saa pekee aliyokuwa hana ugomvi na mtu.

Kazi ya kulinda sinia ilikuwa yangu, na niliiringia. Watoto wenzangu walitumwa dukani. Mie nilikuwa natumwa kuminya tumbaku.

Sasa tuje kwenye maneno. Kwetu mjomba ndiye mwenye binti. Siku ya posa baba anakaa, anaitikia, lakini anayesimama kumsemea mtoto ni mjomba. Anataja ukoo wake, mama yake na bibi yake, anamsifia, anamwombea, ndipo anamtoa. Na Mjomba Bakari akisimama kusema hakai. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia alikuja mtu kumposa dada yangu mkubwa, Somoe. Mjomba alianza vizuri na akina bibi wa Newala. Baadaye akamuuliza mshenga jina la babu wa babu yake. Mshenga hakulijua. Mjomba akacheka. Akauliza wanamposa binti wa watu wakiwa hawajijui? Likazuka la kuzuka, wageni wakavaa viatu wakaondoka na pilau halijapakuliwa. Mjomba mwenyewe alishinda siku nzima ameinamisha kichwa bandani, hakugonga hata mpingo. Lakini angekiri wapi!

Alipokuja Hamisi, fundi friji wa Mbagala, mtoto wa watu wa pwani asilia, Somoe alikuwa anampenda wazi. Huyu hakuwa mchumba wa kutafutiwa. Nilimsikia akimwambia Mama jikoni, "Mjomba akimfukuza na huyu, mie siolewi tena. Mtakaa na mie humu ndani mpaka ninywee." Mama akamfuata kaka yake bandani.

"Kaka, Jumamosi ungeachia wengine waseme kidogo."

"Wengine nani? Mjomba wake wewe au mie?"

"Wewe, kaka. Nasema tu, fupi."

"Watakuja watu wa pwani hapa na maneno yao ya kuzunguka, mie niwajibu kwa fupi? Haiwezekani!"

Mama akarudi jikoni ameshika kiuno. Nyumba nzima ikawa na homa ya Jumamosi.

Jumamosi yenyewe asubuhi nilipewa sinia kama kawaida. Niliamua kwamba siku hiyo tumbaku itakuwa sawasawa kuliko siku zote, ili Mjomba avute, atulie, amwonee Hamisi huruma. Huo ndio ulikuwa mchango wangu kwenye ndoa. Lakini sebuleni walikuwa wanampaka Somoe hina, wanacheka, wanaimba, na mie nikasema ngoja nichungulie kidogo tu. Mnajua watoto na "kidogo tu". Niliporudi jua lilikuwa utosini. Nikaminya tumbaku, ikawa unga, kama ugoro.

Mjomba asiye na kiko, siku kama ile, mbele ya watu wa pwani! Ndipo kichwa changu cha miaka tisa kikakumbuka jina. Tumbaku ya mvuke. Khaa! Si jina lenyewe linasema? Ilikosa mvuke. Sikujua kwamba wanaiita hivyo kwa sababu inakaushwa ndani ya mabani, vile vijumba vya kukaushia, kwa joto, bila kuguswa na moshi. Mie nilijua mvuke mmoja tu, ule uliokuwa unatoka kwenye sufuria la wali nyuma ya nyumba. Nikaifunga tumbaku kwenye kipande cha kanga, Mama alipogeuka nikaiweka juu ya sufuria, nikafunika na sinia. Nikahesabu mpaka mia mbili. Ilipotoka ilikuwa laini, imelowa, imekolea rangi kama mchicha uliochemka. Nikaona nimeiokoa. Nikaitia kwenye kimfuko chake cha ngozi, nikampelekea.

Mjomba alikuwa ameshavaa kanzu. Akaingiza vidole kwenye mfuko, akaminya. Akaendelea kuminya kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akaniangalia.

"Umeikausha vizuri, mama?"

"Vizuri, Mjomba." Nilidanganya bila kupepesa.

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akajaza kiko, akakishindilia kwa dole gumba, akawasha. Kikazima. Akawasha tena. Alichoma njiti nyingi mno, na kila kikishika moto alivuta kwa nguvu, fufufu, kama anayepuliza jiko la kuni mbichi. Ndani ya kiko maji yakawa yanachemka, unayasikia kabisa, kororo, kororo. Hakukiweka shavuni hata mara moja. Machozi yalimtoka. Alipomaliza cha kwanza akajaza cha pili. Nikajisemea moyoni, leo kaipenda.

Wageni walifika baada ya adhuhuri, wanaume saba wenye kanzu zilizonyooshwa na mshenga wao, mzee mnene mwenye miwani na sauti ya utaratibu. Mie na Mama tulibanana nyuma ya pazia la ukumbini. Mshenga akazunguka kweli, akasema kuhusu bustani na ua, na kijana wao anayetafuta jiko. Halafu, sijui shetani gani alimpitia, akatia na kichekesho: "Na sie tumesikia nyie watu wa kusini huwa wakali kwenye kutoa, lakini tumejikaza tumekuja."

Mama alinishika bega mpaka leo nalisikia. Sebule nzima ikamgeukia Mjomba. Mjomba akasimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akameza mate kwa shida. Kisha akasema kwa sauti nzito, neno mojamoja:

"Karibuni. Aulizwe mtoto mwenyewe."

Akakaa.

Watu walitazamana. Baba, ambaye alishajiandaa kuomba radhi, alibaki ameinua mkono. Mshenga alivua miwani, akaifuta, akasema huo ni uungwana ambao hajauona miaka mingi. Somoe akaulizwa kupitia kwa shangazi, akajibu hata shangazi hajamaliza swali, "Nimekubali." Vigelegele vikapasua bati. Mama aliniachia bega, akakaa chini palepale kwenye sakafu, akacheka huku analia.

Mjomba hakula pilau. Aliomba bakuli la mtindi, akawa anauzungusha mdomoni polepole. Siku tatu aliongea kwa ishara. Mama akasema Mungu ana njia zake. Mie nikajua njia yenyewe ilikuwa mie, lakini nikaufyata.

Miaka ikaenda. Nikakua na siri yangu nikijiona shujaa. Kila nilipokwenda kwa Somoe Mbagala, nikiona watoto wake watatu na Hamisi akikoroga chai, nilikuwa nawaza, hii nyumba nimeijenga mie kwa sufuria la wali. Nilijutia ulimi wa Mjomba, lakini kwa furaha, kama mtu anayejutia andazi aliloiba likamnogea.

Ile harufu ya kwenye boksi ndiyo iliyonipeleka Chamazi wiki ileile. Nikamimina asali kwenye chupa, nikampelekea Mjomba. Sasa ni mzee, kiko alikiacha tangu daktari alipomsikiliza kifua na kukunja uso, na anakizungumzia kama marehemu aliyempenda. Nikamwamkia, nikampa asali, nikamkalia karibu, nikaona leo nitubu.

"Mjomba, siku ya posa ya Somoe, ile tumbaku niliipika mie. Niliiweka kwenye mvuke wa wali. Nisamehe."

Alicheka mpaka nikamshika mgongo.

"Mwanangu, mie nimevuta miaka arobaini. Vidole hivi visijue tumbaku iliyolowa?"

"Ulijua?"

"Nilijua kabla sijaitoa mfukoni."

"Sasa uliivutia nini?"

Akalamba asali kidoleni.

"Mie najijua. Ningefungua mdomo ningeharibu, kama nilivyoharibu kwa yule wa kwanza. Na kumwambia mama yako 'nitanyamaza' nisingeweza, nilishakataa mbele yake. Ukaja wewe na ule mfuko."

Miaka yote hiyo nilidhani nimemchoma ulimi mtu asiye na habari. Kumbe mtu mzima alikaa kwenye gogo lake na kanzu yake safi, akajichoma mwenyewe, kiko cha kwanza na cha pili, akijua kila pafu litamfanya nini. Moyo uliniuma, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

Nikampigia Somoe simu palepale, nikitegemea atacheka. Nikamsimulia yote. Hakucheka.

"Kumbe," akasema. "Mie miaka yote najua hakumtaka Hamisi. Kila binti wa ukoo huu alisemewa na Mjomba, alitajwa, aliombewa. Mie peke yangu ndiye niliyetolewa kwa maneno mawili, kama mzigo. Sijawahi kumwambia mtu."

Jamani! Sie tulikuwa tunashangilia kimya kile nyuma ya pazia, na bibi harusi alikwenda nacho kwa mumewe, akakaa nacho. Hakuna aliyemuuliza.

Mjomba aliyasikia yote, maana simu yangu sauti yake haifichi kitu. Akanyoosha mkono. Nikampa. Akakohoa, akajiweka sawa kwenye kiti, akavaa kofia yake iliyokuwa pembeni.

"Somoe. Hamisi yupo hapo? Mwite naye asikie."

Akaanza. Alianza na bibi wa bibi yake Newala, aliyetembea siku tisa na mtoto mgongoni. Akaja kwa Mama. Akamtaja Somoe mwenyewe, jinsi alivyozaliwa mvua inanyesha, jinsi alivyomfundisha kuhesabu kwa vipande vya mpingo, na kwamba hajawahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Akamwombea uzazi ambao alishaupata na nyumba ambayo ameshaijenga. Chai ikapoa. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akasubiri iishe, akaendelea. Hakuna aliyemkatiza. Upande wa pili nilimsikia Somoe analia, na Hamisi, baba wa watoto watatu mwenye mvi kidevuni, kila Mjomba anapovuta pumzi anaitikia, "Naam, Mjomba," kwa sauti ya kijana aliyekuja kuposa leo.