Mche wa Kwenye Kabati la Mablanketi

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa natega unywele. Nachomoa mmoja kichwani mwangu, naubandika kwa mafuta ya kujipaka juu ya ufa wa milango miwili ya kabati, nusu huku na nusu huku. Nikirudi alasiri, hata abaya sijavua, napiga magoti kuutazama. Ukiwapo, hakuna aliyefungua. Usipokuwapo, kuna mtu anajua.

Kabati lilikuwa la mablanketi ya baridi, ambayo kwetu Azaiba, hapa Oman, hayaguswi miezi minane kwa mwaka. Liko kwenye chumba kidogo kinachopakana na changu. Ndani yake, chini ya taa, nilikuwa nimepanda mche mmoja wa bangi.

Sivuti. Nilijaribu mara moja nilipokuwa nasoma nje, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na sikuipenda. Najua haisaidii kusema hivyo. Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja kitoke mikononi mwangu kimekamilika. Karibu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe kwenye simu: kushona, kuoka mikate, kazi ya kuchora ramani za nyumba inayoniweka ofisini huko Qurum. Na kila nikimaliza kitu nakirudia, kisha narudia nilichokirudia. Asmini ya mama niliiua kwa kuihamishahamisha kutoka kivuli hadi kivuli. Mirehani niliing'oa mara tatu nione mizizi inaendeleaje.

Kisha nikasoma kuhusu aina hii. Mibangi ya kawaida husubiri siku zifupike ndipo ichanue. Hii haisubiri. Ina saa yake ndani, ikifika umri wake inachanua, uwe umejiandaa au hukujiandaa, na huwezi kuirudisha nyuma ukaanza upya. Kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa kama kuambiwa: safari hii hutaweza kufuta. Mbegu nilizipataje sitasema. Na atakayenikuta nayo atanifanya nini, mtu yeyote aliyekulia Oman hahitaji kuelezwa.

Nilikuwa na daftari. Niliandika kwa penseli kimo cha mche na idadi ya majani, jioni nikanakili kwa kalamu ya wino, na mstari ukienda kombo nachana ukurasa mzima. Siku ya ishirini. Siku ya thelathini na moja. Na kadiri mche ulivyonawiri ndivyo nilivyozidi kuwashuku watu. Jirani wa mbele alifunga kamera juu ya geti lake, nikaamini imeelekezwa kwetu. Fundi wa kiyoyozi alikuja kusafisha, akauliza kama chumba kidogo nacho kina kiyoyozi, nikakaa siku mbili silali sawasawa nikijiuliza kwa nini aliuliza.

Lakini niliyemshuku zaidi ya wote ni dada wa kazi. Ni Mganda, umri wetu mmoja, na alikuwa na mwaka wa pili nyumbani kwetu. Tulikuwa wanne tu humo: mama, bibi, yeye na mimi. Siku nilipomwambia kile chumba kidogo nitakisafisha mwenyewe, alisema "sawa dada" na kuendelea kukunja mashuka. Hakuuliza kwa nini. Mtu asiyeuliza, nikajiambia, ana jibu lake tayari.

Karibu na siku ya arobaini maua yalianza kunuka. Ni harufu nzito, inapita chini ya mlango na kukaa kwenye nguo. Hapo ndipo nilipouendea udi wa mama.

Mama ana kijisanduku cha mbao chumbani kwake, hakifungwi na ufunguo wake uko mle mle ndani. Udi ule ni wa Ijumaa na wa wageni. Wageni wakishakula na kunywa kahawa, chetezo hupitishwa mkono kwa mkono, kila mtu anajifukiza kidogo, na wote wanajua kwamba huo ndio wakati wa kuaga. Mimi nikaanza kuchoma kila siku nikirudi kazini, na mama nikamwambia ni udi wangu niliounua sokoni. Kipande kimoja, halafu viwili.

"Nyie vipi?" bibi aliuliza kutoka kwenye kiti chake ukumbini. "Kila siku chetezo kinapita. Mnanifukuza kwa adabu? Mie nnakaa hapa, siendi pahala."

"Ni kwa ajili ya kutuliza roho, bibi."

"Roho gani hiyo isotulia hata Jumatatu?"

Nilicheka. Kesho yake nikarudi kazini, nikapiga magoti, na unywele haukuwapo.

Nilitafuta kwenye zulia kwa tochi ya simu. Niliukuta umeanguka chini, na kabati limefungwa vizuri, vizuri kuliko nilivyolifunga mimi. Nikamwendea dada wa kazi jikoni, nikamwangalia anamenya vitunguu. Akaniuliza kama nataka chai. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo nalo nikaliona ni ushahidi.

Siku mbili baadaye mama alifungua kijisanduku chake. Alitoka nacho mikononi, akakiweka mezani mbele yangu.

"Vipande vikubwa vyote vimekwisha. Umebaki ungaunga." Mama akiwa na hasira sauti yake hushuka. "Nani anayeingia chumbani kwangu? Mimi, na yule anayefagia."

Nikanyamaza. Nimeanza kuandika haya yote kwa sababu ya kunyamaza kule. Sikuogopa wakati ule. Nilihisi kama mtu aliyetoka juani akasimama mbele ya kiyoyozi. Niliyeamini anajua siri yangu alikuwa anakaribia kuondoka, na si mimi ninayemwondoa.

Mama alimwita. "Udi wangu uko wapi?"

"Mama, mimi udi niupeleke wapi? Kwetu kanisani hatuchomi."

"Unauzika."

"Sijachukua, mama."

"Wallahi nimekuweka kama mtoto wangu." Akachukua simu, akapiga kwenye maktab, ile ofisi iliyomleta. Nikamsikia anawaambia waje wamchukue kesho, na kwamba sababu ni wizi. Akirudishwa na neno hilo, hakuna nyumba nyingine ingempokea. Wangempandisha ndege arudi kwao, na ada za wadogo zake alizokuwa akizilipa zingekatika.

Nikamfuata chumbani kwake na begi langu la zamani, nikijifanya nimempelekea la kufungashia. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua atasema nini akiondoka.

"Ulifungua kabati langu?"

"Kabati gani?" Kisha akacheka, kicheko kifupi. "Dada, nguo zako nafua mimi. Unafikiri pua niliiacha Kampala?"

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake.

"Kabati sijafungua. Sitaki alama ya mkono wangu kwenye ule mlango. Lakini nilijua zamani, na usiku mwanga wa taa unapita chini ya mlango. Kwetu inaota nyuma ya choo, hakuna anayeiwekea taa."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Kwa mama, aite polisi? Hii nyumba ina Waomani watatu na Mganda mmoja. Wakiuliza ni ya nani, wewe ungesema nini?"

Nikashughulika na zipu ya begi.

"Umeona?" Alikuwa anakunja sketi, akaikunjua, akaikunja tena. "Hata la udi hujasema. Jivu ulilokuwa unamwaga chini ya dirisha, nani alikuwa anafagia kabla mama hajaliona?"

Nilitoka na lile begi mkononi, sijui kwa nini sikuliacha.

Mama alikuwa ukumbini na bibi. Nikasema haraka kabla sijabadili mawazo: "Udi nimechukua mimi."

Mama hata hakuinua kichwa. "Unamtetea. Una huruma kama baba yako, Mungu amrehemu. Huruma hiyo ilimponza."

"Si huruma, mama. Ni mimi."

"Haya, ulikuwa unaufanyia nini? Una kazi, una udi wako wa sokoni, una manukato ya kujaza kabati. Udi wangu wa nini? Nenda kapumzike, umesema la kheri, limesikika."

Na hapo mlango ulikuwa wazi kwangu. Nilikuwa nimekiri, nikakataliwa, tena kwa sifa. Ningeweza kuishi miaka nikijiambia kwamba nilijaribu. Nilisimama nikiupima huo mlango, nakiri, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nikasema, "Njooni niwaonyeshe."

Nilifungua kabati. Taa ikatumulika usoni sote watatu. Mche ulikuwa umesimama wima kati ya mablanketi, umejaa maua kila tawi.

"Nini hii?" mama aliuliza, ingawa alijua.

"Bangi."

Bibi alisogea na mkongojo wake, akachungulia. "Aa, kumbe! Hiyo taa mie nliiona juzi. Nlikuja kutafuta blanketi, kiyoyozi chenu kinanila mifupa. Nkafikiri mnalea vifaranga, nkafunga mlango wasipate baridi."

Unywele ulikuwa umeangushwa na bibi. Katika siku zote zile za kuwapima watu kwa macho, yeye sikuwahi kumfikiria.

Mama hakupiga kelele. Alivuta mapazia. Akapiga tena maktab, akasema kwa sauti laini sana kwamba khalas, yamekwisha, wameelewana, msichana anabaki. Akaenda jikoni, akarudi na mkasi na ndoo yenye klorini, akanikabidhi mkasi.

"Kata wewe."

Ilikuwa siku ya hamsini na nane. Jani moja la chini lilikuwa na doa la manjano ambalo lilikuwa limenisumbua wiki nzima, na hata nilipokuwa nakata, macho yangu yalikuwa yanalirudia lile doa. Daftari nalo tulilichana ukurasa kwa ukurasa. Mama alishika ukurasa mmoja, akautazama ule mwandiko wangu wa wino usio na kosa, akasema, "Na yule mtoto wa watu ulikuwa tayari aende." Hakusema zaidi, si siku ile wala baadaye. Ila mpaka leo nikirudi kazini hunikumbatia mlangoni, na najua anazinusa nguo zangu.

Ijumaa iliyofuata mama alitoa udi mpya. Alipitisha chetezo chumba kwa chumba kama kawaida, kisha badala ya kuanza na bibi akakipeleka kwa dada wa kazi, akakishika mwenyewe mpaka moshi ukamwingia kwenye kitambaa cha kichwa. Halafu akatoa mfukoni ufunguo wa kijisanduku, ambacho sasa alikuwa anakifunga.

"Kuanzia leo utakaa nao wewe. Mimi nilikukosea."

Dada wa kazi alifuta mikono kwenye gauni. "Asante, mama. Ufunguo hapana. Kikipungua kipande kimoja, nitaulizwa mimi."

"Sitakuuliza."

"Uliuliza."

Mama alibaki na mkono mbele. Baadaye akauweka ufunguo juu ya meza, pembeni ya chetezo, na kila mtu akaenda kwenye shughuli zake. Mpaka tunakaa kula mchana ulikuwa bado pale pale. Nami, kabla sijaketi, nikajikuta nimeinama kidogo kuuangalia ulivyolala, meno yake upande wa dirisha, nikaukariri, ili nijue kama kuna mtu atausogeza.