Hofu ya Shimo la Mchanga

Mvua ikikatika na jua likitoka, mchanga uliolowa hutoa harufu baridi, kama ya chungu kipya. Nikiisikia, hata leo, hofu ile hunirudia.

Nilikuwa msichana mdogo, tukiishi Handsworth, Birmingham. Baba, muuguzi aliyetoka Nakuru, alipenda gofu, akaniandikisha kwenye mafunzo ya watoto. Nilipenda kila kitu isipokuwa yale mashimo ya mchanga yaliyochimbwa kututega. Siku moja mpira wangu ulitumbukia humo. Nikapiga, ukapanda kidogo, ukabingirika kunirudia miguuni. Nikapiga tena na tena, wenzangu wakingoja juu, mpaka mmoja akacheka. Niliuokota, nikaondoka nikijifuta machozi kwa mkono uliojaa mchanga, jambo ambalo sikushauri ulijaribu.

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi Baba alinipeleka kwenye shimo la mazoezi, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, bado amevaa viatu vya wodini.

"Usiupige mpira," alisema. "Piga mchanga ulio nyuma yake. Mchanga ndio utakaoubeba."

"But that makes no sense, Dad."

"Wewe piga tu, mama."

Nilipiga. Mwanzoni mchanga ulitujaa midomoni sote wawili. Kisha, taratibu, mpira ukaanza kuruka kama chura. Hata hivyo hofu haikuniondoka. Nilijifunza tu kupiga nikiwa nayo.

Siku ya mashindano sikuweza kumeza hata kipande cha chapati. Karibu na mwisho, mpira ukaingia mchangani. Nikautazama mchanga, nikainua fimbo, nikapiga. Mpira ukatoka! Ulitua mbali na kibendera, wala sikushinda chochote, lakini nilitamani kupiga kelele.

Nilimtafuta Baba, nikamkuta kwenye maegesho, amesimama nyuma ya gari, ameupa uwanja mgongo.

"Mpira umetoka?" aliuliza.

"Umetoka. First time, pigo moja tu."

Akaketi ghafla kwenye ukingo wa buti la gari. Njia nzima hakusema neno. Nilidhani amekasirika kwa kuwa sikushinda, nami nikanuna hadi nyumbani.

Mwaka jana binti yangu alipanda jukwaani shuleni kuimba peke yake. Kabla hajafungua mdomo, nilijikuta nimeshatoka ukumbini, nimesimama koridoni, nimeziba masikio. Hapo ndipo nilipomwelewa Baba. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameogopa kuliko mimi, na mimi angalau nilikuwa na fimbo mkononi.