Piston Nne Ukweni

Kitu cha kwanza kilichonishinda kuelewa ni hiki: unapunguzaje mbano wa injini ili upate nguvu zaidi? Nilimwuliza fundi wangu tena na tena, akanijibu kila mara kwa subira ya mtu anayemlisha mtoto uji, na kila mara nikatoka gereji nikiwa mjinga kuliko nilivyoingia.

Fundi huyu ni Mwislamu wa mjini Kisii, mzaliwa wa hapa hapa. Babu yake alikuja na biashara ya nguo akasahau kurudi kwao.

"Sikiliza bosi," aliniambia. "Hii gari yako ya spoti ina turbo. Kazi ya turbo ni kushindilia hewa ndani ya silinda. Sasa injini yenyewe ikiwa inabana sana, na turbo nayo inashindilia, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake. Piston inatoboka. Si ndiyo iliyokutobokea?"

Ilikuwa imetoboka, tena vibaya. Injini nyingine ya turbo sikuiweza, mimi karani tu wa ofisi ya wakili. Basi fundi akanitafutia injini ya gari la kawaida, nzima, ila inabana kupita kiasi. Akasema tuchimbe piston zake nne katikati ya kichwa, kila moja iwe na shimo kama kisahani. Nafasi ikiongezeka, mbano unashuka, turbo ya injini yangu ya zamani inafanya kazi yake kwa amani. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimeelewa kitu.

Kichwa changu chenyewe hakikuwa pale. Mke wangu alikuwa ameenda kwao Tabaka. Hatukugombana, laiti tungegombana! Alikunja nguo zake mchana kweupe akaniambia, "Nimechoka kuolewa na mgongo. Jioni uko gereji, ukirudi unanijibu 'mm', unalala." Watoto wako shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilibaki kimya hata nikawa nasikia friji ikinguruma. Niliogopa, nasema wazi. Sikujua kama ameenda kupumzika au ameenda moja kwa moja, na sikujua ni nani wa kumwuliza.

Nikaamua kwenda kumrudisha. Nilinunua sukari, mkate na majani ya chai, nikatia kwenye mfuko wa kijani wa sokoni. Njiani nikapitia gereji, maana fundi alitaka nichukue zile piston niende nazo kwa mwenye mashine ya kukereza vyuma. Naye akanipa kwenye mfuko wa kijani wa sokoni. Haya, mwenye akili amekwisha kujua. Nilipanda pikipiki na mfuko mmoja, nikauacha mwingine juu ya benchi la fundi.

Mama mkwe alinipokea kwa heshima zote, akachukua mfuko mkononi mwangu akauingiza jikoni. Nikaketi sebuleni macho chini, mikono magotini. Kule jikoni nikasikia chuma kikigonga chuma. Mungu wangu! Jasho lilinitoka hadi kwenye nyayo.

Asiyejua chinsoni zetu sisi Abagusii, ile miiko ya heshima kati ya mtu na wakwe zake, atauliza, kwani si useme tu kwamba umekosea mfuko? Husemi. Mkwe hamkosoi mzee wa pale, hambishii, hamkatalii, wala hamwambii mambo uso kwa uso kama anayepiga soga sokoni. Ukiwa na neno zito, linapita kwa mtu wa katikati, na mtu wangu wa katikati ndiye aliyenikimbia.

Baba mkwe ni mchongaji wa mawe. Aliingia na piston moja mkononi, akiigeuzageuza. "Hii inataka kufanywa nini?" aliuliza. Swali limeulizwa, lazima lijibiwe. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba inatakiwa kuchimbwa katikati, kama kisahani. Akatabasamu. Visahani ndivyo amechonga maisha yake yote.

"Umefanya vizuri kuniletea mimi," akasema. "Niachie."

Ningemwambia nini? Nikamshukuru. Nilipotoka nje, mke wangu alikuwa mbele ya karai la maji, anasugua vinyago kwa msasa. Hakuinuka. "Kumbe umekuja na piston," alisema. Nikapanda pikipiki kama mwizi aliyeachiwa.

Fundi aliposikia, alishika kichwa. "Astaghfirullah! Piston umepeleka kwa mtu wa vinyago?" Hata hivyo siku zilipita, piston zikaja zimefungwa kwenye gazeti, na alipozifungua hata yeye alizipitishia kidole gumba. Zilikuwa laini, zinang'aa, shimo limezama taratibu bila kona hata moja. Akachukua bomba la sindano, akawa anazijaza oili moja moja kupima shimo linakunywa kiasi gani. Tatu zililingana. Ya nne ikanywa, ikanywa, ikaendelea kunywa.

"Hii mzee aliipenda," fundi akasema. "Ameizidisha. Silinda moja ikibana tofauti na wenzake, injini itatetemeka mpaka ijimalize. Ila bado kuna nyama ya chuma ya kutosha. Mrudishie hizi tatu, azishushe zifikie hii."

"Nimwambie baba mkwe kwamba kazi yake haikulingana?"

"Wewe ndiye Mkisii," akanijibu. "Mimi sijui mtasemezana vipi."

Maji yakazidi unga. Nilirudi Tabaka na piston nne na bomba la sindano, na safari hii sikuingia ndani. Nilichuchumaa kando ya karai la mke wangu, nikamwomba anifikishie neno kwa babake. Akaniuliza, neno gani. Nikamwambia. Akaniuliza, kwa nini zilingane. Nikamweleza. Akaniuliza, na kwa nini mbano ushuke, si nguvu zitapungua?

Hapo nikaona ni lile swali langu mwenyewe. Nikaanza kulijibu, nikakwama, nikarudi nyuma, nikachora silinda kwa kijiti kwenye vumbi la mawe. Nikajaza maji kwenye piston ili aone kwa macho. Nilisema kwa muda mrefu, na katikati ya kusema nikaelewa. Nilifurahi hata nikamshika mkono wenye matope.

Hakuutoa. Aliniangalia tu. "Tangu unioe hujawahi kunieleza kitu mpaka mwisho," alisema.

Akachukua zile piston tatu, na ya nne iwe kipimo, pamoja na bomba la sindano, akaingia kwa babake. Alikaa huko. Niliporudishiwa jibu, lilikuwa fupi: mzee amecheka, atazishusha. Kisha akaketi tena kwenye karai.

"Neno la piston nimelifikisha," akasema. "Na lile lililokuleta mara ya kwanza?"

"Lipi?"

"Wewe ndiwe wa kuniambia. Hilo sina wa kulipitishia."

Nilichanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimeamini anajua. Nani haendi ukweni kumfuata mke? Lakini kweli, sikuwa nimelitamka, si kwake, si kwa mtu yeyote. Nikasema, "Rudi nyumbani. Nyumba imenishinda." Akaendelea kusugua kinyago. "Nimesikia," akasema.

Jumamosi mke wangu alishuka kwenye pikipiki mbele ya gereji akiwa na piston zote nne na bomba la sindano ndani ya leso. Begi la nguo sikuliona. Nikajiambia, amekuja kuleta mzigo tu, atageuka. Akamwambia fundi, "Pima nione." Fundi akapima moja baada ya nyingine, mke wangu akasimama kando bila kuniangalia, macho kwenye oili.

"Zimelingana zote," fundi akasema, amefurahi kama ameoa. "Bosi, vua koti. Leo tunafunga injini!"

Mke wangu akakunja leso. "Nguo zangu mama ataleta kesho," akasema. "Mimi nina njaa. Unakuja ama unabaki?"

Nikamwachia fundi piston zote nne pale kwenye benchi.