Jumamosi Redio Iliponiumbua

Wajukuu wangu wakijazana mbele ya televisheni jioni ya Jumamosi, nawakumbuka watoto wetu wa mtaa wa Isevya enzi za Ujamaa, walivyoizunguka redio yangu kusikiliza kipindi chao. Redio mtaani ilikuwa moja, na mimi nilipenda sifa kuliko ugali.

Binti yangu Zena, wa miaka kumi na moja, alirekodiwa shuleni, tukaambiwa atasikika Jumamosi. Nikaita mtaa mzima, nikakaanga karanga sinia zima. Kiti cha mbele nikampa mwalimu wangu wa kisomo cha watu wazima, aliyezoea kuinua daftari langu na kuwaambia wenzangu, "Igeni mwandiko wa mama Zena."

"Sikilizeni damu yangu," nikawaambia majirani.

Mtangazaji akauliza, "Zena, nyumbani unamsaidia mama kazi gani?"

"Nateka maji, naosha vyombo, na kila jioni namwandikia kazi yake ya kisomo. Akifurahi hunipa karanga."

Nikarukia redio niizime, kwa pupa nikakosea kitufe, nikaongeza sauti.

Mwalimu akanisogezea sinia, akatoa kalamu mfukoni.

"Mama Zena," akasema taratibu, "leo karanga utakula wewe. Haya, andika jina lako."